Boriti tano na bomba la bafu: kisa cha sakafu ya mbao Tabora

Nyumba ninayoieleza hapa ni ya ghorofa moja, ya zamani, katikati ya mji wa Tabora. Kuta zake ni za tofali nene na sakafu ya juu ni ya mbao tupu, yaani mbao za kukanyagia zilizopigiliwa misumari juu ya boriti za mninga zinazolala kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba za aina hii zinazidi kuwa chache, na mafundi wanaozijua vizuri ni wachache zaidi, kwa kuwa kizazi cha sasa kimekulia kwenye zege na nondo. Niliitwa na mama mwenye nyumba mwishoni mwa masika kwa sababu ya vigae vilivyopasuka katika bafu lililojengwa juu miezi minane kabla. Fundi wa vigae alikuwa amekwisha kuja mara mbili, akavibandua, akavibandika vipya, navyo vikapasuka tena katika mstari uleule. Ufa unaporudi mahali palepale baada ya vigae kubadilishwa, mimi huacha kulaumu gundi na kuanza kuuliza kilichopo chini yake.

Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa mita 4 kati ya ukuta wa mbele, unaotazama barabara, na ukuta wa ndani ulio sambamba nao. Boriti zililala katika upana huo, kila moja ikiwa na unene wa milimita 50 na kimo cha milimita 200, na nafasi ya milimita 450 kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha inayofuata. Nilizipima mwenyewe kwa futi kamba na zilikuwa kamili. Mbao inayouzwa leo kwa jina la mbili kwa nane, ukiipima, mara nyingi utaikuta pungufu, na upungufu huo una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kama nitakavyoonyesha. Bafu lilimegwa kutoka pembe ya chumba hicho, mita 2 kwa mita 2, upande mmoja ukiwa ukuta wa mbele na upande mwingine ukuta wa ubavuni unaotazama uani. Choo kiliwekwa jirani na ukuta wa uani, na bomba lake la inchi 4 likatolewa moja kwa moja nje bila kugusa boriti yoyote. Tatizo lilianzia kwenye bomba la inchi 2 la maji machafu ya kuogea.

Tulifungua dari ya chumba cha chini na kuondoa mbao tatu. Kwa mwanga wa tochi niliona kwamba boriti tano zilikuwa zimekatwa upande wa juu, moja baada ya nyingine, ili bomba lipite likielekea ukuta wa uani. Mstari wa mikato ulikuwa mita 1.2 kutoka ukuta wa mbele. Katika boriti ya kwanza, iliyo karibu na mahali pa kuogea, pengo lilikuwa na kina cha milimita 55. Katika ya pili lilikuwa 66, ya tatu 78, ya nne 89, na ya tano, iliyo karibu na ukuta wa uani, lilifika milimita 100, ambayo ni nusu kamili ya kimo cha boriti.

Mpangilio huo wa namba haukutokana na uzembe wa mkono. Bomba la maji machafu ni lazima liwe na mteremko, na fundi bomba alifuata mteremko unaokubalika wa 1 kwa 40, ambao katika mita 1.8 kutoka boriti ya kwanza hadi ya tano huleta tofauti ya milimita 45. Kwa upande wa bomba alifanya kazi safi kabisa, na maji yalitoka bila kutuama. Lakini kila hatua ya mteremko ililipwa na boriti, na iliyolipa zaidi ilikuwa ya mwisho. Hili ndilo jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kuliona anapoangalia pengo la kwanza na kuambiwa kwamba mengine yote ni kama hilo.

Ili kuelewa uzito wa mikato hiyo ni lazima kujua boriti inavyobeba mzigo. Boriti iliyolala kati ya kuta mbili ikibebeshwa mzigo hutaka kupinda kuelekea chini, na hapo nyuzi za juu hubanwa huku nyuzi za chini zikivutwa. Katikati ya kimo upo mstari ambao haubanwi wala kuvutwa. Kwa hiyo mbao iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ile ya katikati hufanya kazi ndogo katika kuzuia kupinda. Nguvu ya boriti katika kupinda hufuata unene wake mara kimo chake kwa kipeo cha pili. Ukipunguza kimo hadi nusu, nguvu inayobaki mahali hapo ni robo. Kwa hesabu hiyo, boriti ya kwanza ilibakiwa na takriban asilimia 53 ya nguvu yake penye pengo, ya pili 45, ya tatu 37, ya nne 31, na ya tano 25.

Hata hiyo 25 ilikuwa ya makaratasi. Nilipoingiza wembe kwenye pembe za pengo la boriti ya tano, uliendelea kushuka. Msumeno ulikuwa umepita kina kilichokusudiwa kwa milimita 8 pande zote mbili kabla patasi haijaondoa kipande cha katikati, na nyuzi zilizokatwa na msumeno hazibebi kitu, hata kama kwa macho mbao inaonekana ipo. Kimo halisi kilichobaki kilikuwa milimita 92, na nguvu iliyobaki ilikuwa kidogo zaidi ya moja ya tano.

Swali la pili ni mzigo uliokuwa ukibebwa. Kwa sakafu ya nyumba ya kuishi, hesabu ya kawaida ni kilo 150 kwa kila mita ya mraba kwa ajili ya watu na vyombo, na hapa niliongeza kilo 40 za mbao za kukanyagia, boriti zenyewe na dari. Penye mstari wa mikato, kabla ya bafu kujengwa, mzigo huo ungeleta katika kila milimita ya mraba ya nyuzi za ukingoni nguvu ya takriban niutoni 4.3. Mninga nzuri huubeba mzigo wa namna hiyo bila taabu, na sakafu ile ilikuwa imeubeba kwa miongo kadhaa.

Bafu lilibadilisha hesabu yote. Juu ya mbao lilimwagwa tabaka la saruji na mchanga la milimita 50, kisha vigae na gundi yake, jumla kilo zipatazo 150 kwa kila mita ya mraba, sawa na kilo 600 katika eneo zima la bafu. Halafu kuna pipa. Tabora imezoea kuhifadhi maji tangu enzi za kutegemea bwawa la Igombe, na ingawa sasa maji ya Ziwa Victoria yanafika mjini, nyumba isiyo na pipa bado huonekana kama nyumba isiyo na mwenyewe. Pipa la lita 200 liliwekwa pembeni, karibu na ukuta wa uani, juu ya boriti ya nne na ya tano. Likijaa lina kilo 200 za maji. Nilipoweka yote hayo pamoja kwa boriti ya tano, hata kwa kimo cha milimita 100 bila kuhesabu kosa la msumeno, nguvu katika nyuzi za chini ilipanda hadi niutoni 30 hivi kwa milimita ya mraba, takriban mara saba ya ilivyokuwa.

Fundi bomba aliitwa, akaja, na kwa sifa yake hakukana kazi yake. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mninga ni chuma. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na aliionyesha kwa vitendo: alipanda juu, akasimama katikati ya bafu na kuruka mara tatu kwa uzito wake wote. Sakafu ilitoa mlio mdogo, basi.

“Injinia, sakafu mbovu ingetikisika,” aliniambia kutoka juu. “Hii imetulia tuli, na mama anaogea humu tangu mwaka jana.”

Nilimjibu kwa hesabu, na kwa maoni yangu jibu hilo ndilo kiini cha kisa hiki. Kutikisika na kuinama kwa sakafu hutegemea ugumu wa boriti katika urefu wake wote. Pengo la upana wa milimita 60 katika boriti ya mita 4 ni sehemu ndogo mno ya urefu huo, na milimita 3,940 zilizobaki zina ugumu wao wote wa zamani. Kwa hiyo boriti iliyokatwa hadi nusu mahali pamoja huinama zaidi kidogo tu kuliko nzima, na mguu wa mtu hauwezi kuipambanua tofauti hiyo. Nguvu ya kuhimili kuvunjika, kwa upande mwingine, huamuliwa na mahali dhaifu kuliko pote. Kamba iliyoliwa na panya hadi uzi mmoja haionekani ndefu kuliko ilivyokuwa jana. Sakafu ile ilikuwa imepoteza robo tatu ya nguvu yake mahali pamoja bila kupoteza utulivu wake, na kuruka juu yake kulipima kile ambacho hakikuwa na shida.

Kuna jambo jingine ambalo kuruka hakuwezi kulipima, nalo ni muda. Mbao iliyobeba mzigo kwa dakika chache ina nguvu kubwa kuliko mbao ileile ikibeba mzigo huo mfululizo kwa miaka. Kwa mzigo wa kudumu wa miaka mingi, mbao huhimili takriban sehemu 6 katika 10 za mzigo ambao ungeivunja ndani ya dakika chache. Saruji, vigae na pipa lililojaa ni mizigo ya kudumu, isiyoshuka usiku wala kwenda safari. Ukimya wa miezi minane, kwa hiyo, ulikuwa na thamani ndogo sana kama ushahidi.

Kuhusu mninga kuwa chuma, nilikubali nusu. Kama boriti zile zingekuwa za mbao laini, huenda ningeitwa mapema zaidi na kwa habari mbaya zaidi. Lakini sifa ya mti hupimwa katika kipande kisicho na dosari, na boriti ya tano ilikuwa na kifundo cha tawi, ukubwa wa sarafu, milimita 20 tu kutoka ukingo wa chini, karibu kabisa chini ya pengo. Hapo ndipo ufa ulipoanzia. Ulikuwa mwembamba, nilioweza kuufuata kwa ukucha, ukitoka kwenye kifundo na kupanda mshazari kuelekea pembe ya pengo kwa kiasi cha milimita 35. Ndani yake mbao ilikuwa nyekundu na safi, bila vumbi wala weusi wa miaka, dalili kwamba ulikuwa ufa mpya. Kati ya ncha yake na pembe ya msumeno ilibaki mbao isiyozidi vidole vitatu.

Chini ya boriti ya pili palikuwa na unga mwepesi juu ya dari, na mama mwenye nyumba alishtuka akidhani ni dumuzi, jambo lisiloshangaza kwa mtu wa Tabora, kwa kuwa mdudu huyo wa mahindi alionekana nchini kwa mara ya kwanza katika mkoa huu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa unga wa msumeno. Nilichoma ncha zote za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo mchwa na unyevu huanzia, na zote zilikuwa ngumu.

Haki inanilazimu kueleza pia mikato ambayo haikuwa na kosa. Boriti hizohizo tano zilikuwa na mapengo mengine, ya mabomba ya nusu inchi ya maji safi, yenye kina cha milimita 25, mita 0.4 kutoka ukuta wa mbele. Kanuni ya Uingereza, ambayo wahandisi wengi wa kwetu huifuata kwa boriti za mbao za umbo la mstatili, huruhusu pengo la juu lenye kina kisichozidi moja ya nane ya kimo, na likatwe katika eneo linaloanzia asilimia 7 hadi 25 ya urefu kutoka ukutani. Kwa nyumba hii maana yake ni kina cha milimita 25, kati ya mita 0.28 na mita 1. Mapengo ya maji safi yalikuwa ndani ya mipaka yote miwili, pengine kwa bahati, na yako zaidi ya milimita 100 kutoka kwa mikato mingine. Tuliyaacha yalivyo. Kanuni za Marekani ni tofauti kidogo, zinakataza pengo lolote katika theluthi ya katikati na kuruhusu kina cha hadi moja ya sita kwingineko, lakini hata kwa hizo mikato ya bomba la maji machafu isingepita, kwa kuwa moja ya sita ni milimita 33 tu.

Je, tundu lingefaa kuliko pengo? Kwa kanuni ileile ya Uingereza, tundu la katikati ya kimo, lenye kipenyo kisichozidi robo ya kimo, huruhusiwa kati ya asilimia 25 na 40 ya urefu, yaani hapa kati ya mita 1 na 1.6. Mstari wa mita 1.2 ungekuwa mahali pazuri, na tundu la milimita 50 lingeondoa mbao ya katikati, ile yenye kazi ndogo, bila kugusa kingo. Kulikuwa na vikwazo viwili. Mteremko ungelisogeza tundu kutoka katikati hadi milimita 22 juu katika boriti ya kwanza na milimita 22 chini katika ya tano. Na bomba gumu la mita mbili halipenyezwi katika matundu matano kati ya kuta zilizokwisha kusimama. Ni lazima likatwe vipande na kuunganishwa kwa soketi kati ya boriti na boriti, kazi ya kulala chali juu ya ngazi kwa siku nzima. Pengo la juu hukuruhusu kulaza bomba zima kwa mkono mmoja. Ninaelewa kwa nini fundi hushika msumeno badala ya keekee.

Njia iliyo bora kuliko zote mbili ilikuwepo tangu mwanzo. Bomba lingeweza kulala kati ya boriti mbili, sambamba nazo, na kutokea kwenye ukuta wa mbele baada ya mita 1.2, bila kukata hata boriti moja. Nilipouliza kwa nini haikufuatwa, mama alijibu mwenyewe kabla fundi hajafungua mdomo: hakutaka bomba la maji machafu lionekane barabarani. Ni sababu ya heshima ya nyumba, na siidharau. Ila hakuna aliyemwambia bei yake, na alipoamua alidhani anachagua kati ya mabomba mawili.

Siku ileile tuliondoa maji kwenye pipa, tukafunga bafu, na kusimamisha mirunda chini ya boriti zote tano, na ubao mmoja ukilala juu ya vichwa vyake ili mzigo ugawanyike. Mirunda ilikazwa kwa kabari hadi ikashika tu. Kujaribu kunyanyua sakafu kwa nguvu kungeweza kupasua saruji na kuhamisha mzigo mahali tusipopajua. Kisha saruji ilivunjwa kwa tindo, kipande kwa kipande, na kuteremshwa kwa ndoo. Kamba niliyoivuta chini ya boriti ya tano ilionyesha kwamba imeshuka milimita 14 katikati, wakati kipimo cha kawaida kisichopaswa kuzidi kwa urefu wa mita 4 ni milimita 12. Milimita mbili za ziada hazingemshtua mtu yeyote.

Boriti pacha, yaani boriti mpya za kufungwa ubavuni mwa zile zilizokatwa, zilikuwa za paina iliyotiwa dawa, milimita 50 kwa 200, zilizochaguliwa bila vifundo karibu na ukingo wa chini. Boriti tatu za kwanza zilipata pacha upande mmoja, ya nne na ya tano pande zote mbili, na kwa hizi mbili nilihesabu kana kwamba mninga ya katikati haipo kabisa. Niligombana kidogo na seremala aliyependekeza vipande vya mita 1.5 vya kufunika pengo tu. Kipande kifupi kinawezekana kikihesabiwa na kufungwa ipasavyo, lakini mzigo wote huingia na kutoka kwa bolti chache za ncha zake, wakati pacha mwenye kulala ukutani kwa ncha zote mbili hubeba mzigo wake mwenyewe. Kuiingiza mbao ya mita 4.2 kati ya kuta zilizo mita 4 kulihitaji ujanja wa zamani: upande mmoja tundu la ukutani lilichimbwa kina cha milimita 220, mbao ikasukumwa humo hadi ncha ya pili ikapata nafasi, kisha ikarudishwa mpaka kila ncha ikalala milimita 100 juu ya tofali, na tundu likajazwa. Bolti zilikuwa za milimita 12, zenye washa pana, kila milimita 400, zikipandishwa na kushushwa kwa zamu karibu na katikati ya kimo. Misumari ilitumika kushikilia tu wakati wa kupima.

Sakafu mpya ya bafu ni plaiwudi ya milimita 18, juu yake tabaka la kuzuia maji na vigae vyepesi vilivyobandikwa kwa gundi moja kwa moja. Bomba la maji machafu limetokea ukuta wa mbele, limepakwa rangi ya ukuta, na fundi wa mikato ndiye aliyelifunga. Mirunda ilipoondolewa nilivuta kamba tena na kupata milimita 9. Mama aliniuliza kwa nini haikurudi sifuri baada ya gharama zote zile. Nilimweleza kwamba mbao iliyobeba mzigo muda mrefu hubaki na sehemu ya mpindo wake hata mzigo ukiondoka, na kwamba pacha hazikuwekwa ili kuinyoosha. Mlango wa bafu uligusa fremu kwa juu, seremala akaupitisha randa. Pipa limeshushwa uani, juu ya tofali nne, chini ya mfereji wa paa.